Muda wa Mlangoni

Mtoto wa Mwalimu aliingia uani saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko la nje, pale wanawake walipokuwa wanamenya ndizi, na nilitazama saa yangu kabla sijamtazama yeye. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kwenye kibanja, yaani shamba linalozunguka nyumba, nyuma ya mibuni. Mchungaji alikuwa amemaliza chai yake na wachimbaji walikuwa wananawa mikono. Kwetu kaburi halilali wazi. Linachimbwa asubuhi ya siku ya kuzika, kwa hiyo lazima mtu ajue anayetoka mbali atafika saa ngapi.

"Dada, mlijuaje kwamba nitafika saa hii?" aliniuliza, maana hakuwa amemwambia mtu amepata ndege ipi.

 Akalia, akanishika mabega, akauliza tena, akimtaja baba yake kwa Kihaya: "Na mbona hamkuniita mapema, Tata angali hai?"

 Nitayajibu yote mawili hapa, kwa sababu Mwalimu alikuwa jirani yangu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo alinifundisha jiografia, na kitu alichokitaka kuliko vyote mwishoni mwa maisha yake kilikuwa kimoja tu: mwanawe wa pekee afike nyumbani amkute anapumua. Hakukipata. Nami nina sehemu yangu katika kukikosa kwake.

Kitendaguro nzima, kwetu Bukoba, ilimwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye masikio makubwa, na alivaa tai hata akienda kupalilia. Darasani alitutesa. Alikuwa akiingia na rula ya mbao ya sentimita mia, anaielekeza kwa mtu yeyote, kisha kwenye ramani, na kuuliza: "Bukoba hadi Mwanza, sentimita ngapi?" Usipojibu "nane na milimita saba" fimbo ilikuwa halali yako. Lakini siku ya kutufundisha kwamba dunia ni mviringo alikuja na chungwa na uzi, akauzungusha uzi kwenye ganda kutuonyesha njia fupi ya ndege, kisha akalimenya lile chungwa na kumpa msichana aliyekuwa hajala tangu jana yake.  Msichana huyo alikuwa mimi, na tangu siku hiyo nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja.

Alipostaafu aliondoka Muleba, alikokuwa akifundisha, akarudi kwenye kibanja cha baba yake Kitendaguro na ramani moja ya ukutani. Shule ilikuwa inaitupa kwa sababu ilikuwa ya zamani, haikuwa na mikoa mipya. "Mikoa inaongezeka, ziwa halisogei," alisema, akaitundika sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Kwenye ramani ile sentimita moja ilikuwa kilomita ishirini. Bukoba hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ilikuwa kilomita mia moja sabini na nne. Bukoba hadi Dar es Salaam ilikuwa elfu moja na ishirini na kitu. Alizipima namba hizo kwa uzi wa kushonea, na alizijua kama watu wanavyojua majina ya watoto wao.

Sijui nani alianza kumfuata kwa ajili ya misiba. Nadhani ni mjane mmoja wa jirani ambaye mtoto wake alifia Dar. Watu wetu wanafanya kazi mbali na wanafia mbali, ila hawazikwi mbali. Lazima warudi walale kwenye kibanja, na ndugu zao warudi kuwazika. Ndipo watu wakawa wanabisha hodi kwake, macho yamevimba, kitambaa mkononi, wakimwita waitu, neno letu la heshima.

"Mwalimu waitu, kaka yangu yuko Dar, anatafuta ndege. Tuanze kuchimba saa ngapi?"

Naye alikuwa akivaa miwani, akichukua uzi, ingawa hakuuhitaji, na kupima tena mbele yao. Kila mara alitoa namba tatu. Ya kwanza umbali. Ya pili aliiita muda wa hewani, yaani tangu ndege inaruka hadi inatua. Ya tatu aliiita muda wa mlangoni. Hii ilianzia mtu anapofunga mlango wake kule na kuishia anapofungua mlango wa hapa, pamoja na foleni ya uwanjani, kusubiri mizigo, mawingu ya ziwani, na kutafuta gari. Kutoka Dar kupitia Mwanza, muda wa hewani ulikuwa saa mbili na dakika ishirini. Muda wa mlangoni ulikuwa saa sita na dakika ishirini, tena mambo yakienda vizuri.

Muda wa hewani hakuutoa kichwani. Kwa miaka mingi alikuwa akitembea kwa miguu mpaka uwanja wa ndege, anasimama nje ya uzio na daftari, anaandika ndege imegusa ardhi saa ngapi, kisha anawavizia abiria wakitoka. "Samahani, mlipaa saa ngapi Mwanza?" Wengine walimdhania usalama wa taifa, wengine walimwona kachanganyikiwa. Askari mmoja alimuuliza anafanya nini pale kila siku. "Ninasahihisha," alijibu, na akaendelea kuandika.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Tena, cha kuchekesha, mtu huyu aliyewapangia wenzake dakika alikuwa mchelewaji wa kutupwa. Kanisani aliingia wakati wimbo wa pili unaisha, kila Jumapili, akitembea taratibu kati ya mabenchi kama mkaguzi. Nilipomtania kuhusu hilo aliniambia kwamba kutoka mlangoni kwake hadi kanisani ni dakika kumi na nne, anajua vizuri, ila kuagana na mke wake huchukua ishirini. Mke wake alikuwa Mkatoliki, walikwenda makanisa mawili tofauti, na walikuwa wakiagana pale njiapanda kama watu wanaosafiri.

Kuna familia moja ya Rubafu inayomlaumu mpaka leo. Baba yao alifariki, binti alikuwa anatoka Dar na ndege inayoruka saa sita mchana. Mwalimu aliwapa namba tatu, kama kawaida. Wao wakashika ile ya hewani, wakaiongeza kwenye saa sita, wakatangaza kwamba binti yuko nyumbani saa nane na dakika ishirini. Walichimba tangu alfajiri. Saa tisa mvua ikanyesha, ile mvua yetu isiyo na adabu, na binti alikuwa bado hajatoka hata mjini. Alipofika saa kumi na moja jioni kaburi lilikuwa na maji hadi magotini. Watu walisimama wakitazamana, maiti ikiwa ndani ya nyumba, hakuna aliyetaka kuingia kaburini.

Mwalimu alikuwepo. Alivua viatu, akaikunja vizuri miguu ya suruali yake hadi mapajani, akaomba ndoo. Aliteka maji yale akiwa na tai shingoni, mtu wa miaka sitini na zaidi, akimpa ndoo aliye juu, akiipokea tupu, mpaka udongo ulipoonekana. Walipomtoa alikuwa anatetemeka. Mtoto mkubwa wa marehemu badala ya kumshukuru akamwambia, "Wewe ndiye uliyetudanganya." Mwalimu akafuta mikono.

"Niliwapa namba tatu," alisema. "Mkachagua tamu."

Alikuwa na ulimi huo. Hakujua kunyamaza mahali pa kunyamaza, na watu wengi walimheshimu kwa shingo upande. Nilimwambia siku hiyo kwamba si vizuri kumpa mfiwa za uso. Akanijibu kwamba si yeye aliyeanza.

Sasa nije kwa mwanawe. Alikuwa Dar, katika kazi ya kutoa mizigo bandarini, ana mke na watoto wawili ambao Mwalimu alikuwa na picha zao kwenye simu. Hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila Jumapili jioni. Alituma blanketi, redio, dawa za presha, na mara moja jozi ya viatu vilivyombana baba yake na ambavyo baba yake alivivaa hivyo hivyo. Kitu ambacho hakutuma ni yeye mwenyewe. Desemba Bukoba hujaa watoto wake wote, magari ya namba za Dar yanaziba njia za vibanja, na kila Desemba mtoto wa Mwalimu alikuwa na kontena lililokwama.

Mama yake alipougua, ugonjwa ulikuwa wa wiki saba. Kitanda chake kilisogezwa hadi mahali ambapo, mlango ukiwa wazi, aliweza kuiona ramani. Mtoto alisema atakuja wiki ijayo. Mama akawa anauliza kila asubuhi, "Amefika wapi?" Mwalimu, ambaye sikuwahi kumsikia akitia chumvi neno lolote, alichoma pini kwenye Dar es Salaam. Kesho yake akaisogeza Morogoro. "Anakuja kwa gari," alimwambia. "Ana shughuli njiani." Wiki ikapita pini ikiwa Dodoma. Kisha Singida. Mimi nilikuwa nikipeleka uji na kuikuta pini imesogea kidole kimoja, na mama yule akiitazama kwa macho yaliyozama, akitabasamu kwa adabu. Sidhani kama alidanganyika. Nadhani alimwachia mumewe kazi ya kufanya.

Alikufa pini ikiwa Kahama. Mwanawe alipigiwa simu mchana, na asubuhi iliyofuata alikuwa uani, amevaa suti nyeusi, analia kwa sauti. Alikaa siku tatu akarudi kazini. Mwalimu hakumwambia neno kuhusu pini, wala hakuitoa. Ilibaki pale Kahama, ikaanza kushika kutu.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kusema maneno yaliyowachosha watu. Ukimfuata na msiba alikupa namba zako tatu, halafu anakuuliza, "Na alipokuwa mgonjwa, umbali ulikuwa huu huu?" Watu walikasirika. Walikuja kutafuta saa ya kuchimba, si mahubiri. Wengine wakaacha kumfuata na kuanza kuangalia kwenye simu, na kwa kweli simu zinajua kila kitu siku hizi, isipokuwa muda wa mlangoni.

Nisimpake mafuta. Mwanawe aliwahi kumtumia tiketi. Mwaka mmoja baada ya msiba ule alimkatia ndege aende Dar akakae hata mwezi, awaone wajukuu. Mwalimu alikataa. Nilimwomba, nikamwambia, ukipanda utajua kama hesabu zako ni sahihi. Akasema ng'ombe atakosa majani. Nikasema nitamlisha mimi. Akasema mibuni. Mwishowe akasema lililokuwa moyoni: "Nikifia kule nitarudishwa kama mzigo. Na mimi ndiye baba. Yeye ndiye wa kuja." Tiketi ikaharibika. Alikuwa na kiburi kigumu kama jiwe la kusagia, na nilikasirika naye siku nyingi.

Nafanya kazi katika ofisi moja Muleba, narudi nyumbani Ijumaa. Ilipofika wakati wa wastaafu kuhakikiwa alisafiri nami, kwa sababu jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya kule. Njia nzima alihesabu nguzo za kilomita na kumsahihisha kondakta. Ofisini binti wa dirishani, mpole, alitazama kitambulisho na uso wake.

"Mzee, hii ni kuthibitisha tu kwamba uko hai."

"Mpaka sasa hivi," alijibu.

Binti akacheka, akagonga muhuri. Tuliporudi stendi alikaa kwenye benchi akaifungua ile karatasi, akaisoma mara mbili. Akaniambia, "Serikali inataka ushahidi kwamba niko hai. Mwanangu anasubiri ule ushahidi mwingine." Basi letu likaja na tukapanda.

Mwaka jana miguu yake ilivimba. Pumzi ikawa fupi, akawa analala amekaa. Daktari alituambia mimi na yeye pamoja, bila kuzunguka, kwamba moyo umechoka na kwamba tuwaite watu wake. Nilimpigia mwanawe jioni hiyo. Aliniuliza maswali mazuri, ya mtu anayejali. Akatuma nauli ya hospitali. Akasema atakuja.

Ijumaa mbili baadaye nilirudi mapema kutoka Muleba, nikapita kwake kabla ya kwenda kwangu. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Alikuwa kwenye kiti chake chini ya ramani, amevaa tai, amenyolewa. Mezani kulikuwa na karatasi, kalamu, uzi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna ambayo hakuwa na meno ya kuitafuna. Nilimwamkia. Aliniambia nikae na nisimkatize.

"Nataka umpigie simu mwanangu," alisema. "Saa nane kamili. Umwambie nimekufa."

Nilisimama. "Toba, Mwalimu!"

"Kaa. Nimepiga hesabu. Akipata habari saa nane atalia mpaka saa tisa. Saa kumi atakuwa amekata tiketi. Anafunga mlango wake saa tisa na nusu alfajiri. Ndege inaruka saa kumi na mbili na nusu, inatua Mwanza, inaondoka, inagusa hapa saa tatu na dakika ishirini. Mzigo hatakuwa nao, wa msiba hawabebi mizigo. Saa nne kasoro dakika kumi anaingia mlango ule." Alipumua kidogo. "Atanikuta nimekaa hapa."

"Atakasirika, Mwalimu. Atakuchukia."

"Akasirike. Atakuwa anakasirikia hapa, ninamwona."

Nilimwambia siwezi. Bibi yangu alinilea akinionya kwamba anayemtangazia kifo mtu aliye hai amemwita aje, na ingawa nimesoma, ingawa ninajaza mafomu ofisini siku nzima, mdomo wangu ulikataa. Niliwazia pia uani kwake watu wakikusanyika, wakilia, wakimkuta amekaa na tai, na mimi nikiitwa muongo Kitendaguro nzima. Ndiyo, niliwaza na hilo. Niliwaza jina langu. Nikamwambia, "Ngoja nimpigie nimwambie ukweli. Nitaueleza ubaya wa kutosha kumleta."

 Akanionyesha simu kwa kidevu.

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje ili naye asikie. Nilimwambia hali ni mbaya sana, daktari amesema, njoo kesho, usingoje.

"Dada, naelewa," alisema mwanawe. Nyuma yake kulikuwa na kelele za malori. "Wiki hii nina meli mbili, siwezi kutoka. Mwisho wa mwezi, Mungu akipenda, nakuja na watoto. Lakini anakula?"

"Anakula kidogo."

"Anaongea?"

Ningeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja. Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, amefumba macho, kama mwanafunzi anayesubiri alama zake.

"Anaongea," nilisema.

"Asante Mungu. Basi msalimie sana. Mwisho wa mwezi."

Simu ikakatika. Mwalimu hakufungua macho.

"Umesikia ulichomwambia?" aliuliza.

"Nimemwambia ukweli."

"Ndiyo. Umempa namba tamu."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza, hakuwa na tabia hiyo, ila alisukuma kile kikapu cha kahawa kuelekea kwangu, nami nikachukua punje moja nikaiweka mdomoni kwa sababu sikujua cha kufanya na mikono yangu. Alivaa miwani. Alichukua uzi, akasimama kwa shida, akaweka ncha moja kwenye Bukoba na kuuvuta hadi Dar es Salaam. Kidole chake kilipita karibu na pini ya Kahama na hakikuigusa. Akaketi, akapumzika, akaandika kwenye karatasi kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Akaikunja mara moja, akanipa.

Ilikuwa na mistari michache. Simu, saa nane mchana. Umbali. Muda wa hewani. Muda wa mlangoni. Kuanza kuchimba, saa kumi na mbili asubuhi, udongo wa nyuma ya mibuni ni mgumu. Kuingia uani, saa nne kasoro dakika kumi.

Juu kabisa alikuwa ameandika Siku ya kuzika, na mbele yake ameacha nafasi.

"Hapo utajaza mwenyewe," alisema. "Mengine usiyaguse."

Nilijaza siku kumi na moja baadaye, Jumanne alipofariki, kwa kalamu yake, nikiwa nimesimama mezani pake: Jumatano. Mengine sikuyagusa.